Hotuba ya Daktari Bingwa wa Sensa kwa Umma wa Kamakis

Waheshimiwa mafundi wa Kamakis, madereva wa Ruiru, wageni wetu kutoka Thika, mama mwenye gari, na wewe unayechoma mahindi pale getini: itifaki imezingatiwa. Nimeombwa niseme machache. Nani kaniomba si hoja. Mtu wa kiwango changu haombwi kwa mdomo, huombwa na hali. Na hali ni hii mnayoiona: Toyota Probox imefunguliwa boneti tangu asubuhi, trei za mayai zimeshushwa chini ya mti, na wapita njia wa Eastern Bypass wanageuza shingo wakidhani tumeshindwa. Hatujashindwa. Tuko katika daraja la juu la uchunguzi, na daraja hilo halina haraka.

Kabla sijaanza nina ombi. Msiniite fundi. Fundi ni yule anayekaza nati. Mama huyu ameniita fundi tangu alipofika, nami nimevumilia kwa kuwa ni mteja na bado hajalipa, lakini cheo changu kamili ni Daktari Bingwa wa Sensa na Mshauri wa Umeme wa Magari, Kanda ya Thika na Viunga Vyake. Kimeandikwa kwenye mlango wa gari langu. Gari lenyewe liko Makongeni, limepandishwa juu ya mawe, kwa hiyo kwa leo mtaniamini tu.

Niseme kidogo nilikotoka, maana somo lisilo na mwalimu ni kelele. Watu wa Thika wanakijua kile kiwanda cha kuunganisha magari kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa jina la Leyland, ambacho leo ni Kenya Vehicle Manufacturers, kile kile ambacho mwaka 2016 kilianza kuunganisha Volkswagen Polo Vivo. Mimi nilishuhudia kuanzishwa kwake. Naona mzee wangu pale nyuma anatikisa kichwa. Sawa, mzee, ni kweli kwamba nilizaliwa 1979. Nilikishuhudia baadaye. Na ni kweli pia kwamba nilikuwa upande wa nje wa geti, nikimsaidia mama kuuza chapati. Lakini nawauliza: nani anakijua kiwanda zaidi, aliye ndani ambaye siku nzima anatazama bolti zile zile, au aliye getini anayeona lori zima likitoka? Mimi nilisomea bidhaa iliyokamilika.

Hali kadhalika Thika Superhighway. Ile barabara ya karibu kilomita 50, iliyoanza kujengwa 2009 na kufunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwaka 2012, nilikuwa na mamlaka juu ya sehemu yake. Nilisimama Gwa Kairu na bendera mkononi, upande mmoja nyekundu na upande wa pili kijani, na hakuna lori la Wachina lililosogea mpaka niigeuze. Niambieni ni wahandisi wangapi wenye digrii waliowahi kusimamisha mradi mzima kwa kupinda kiwiko.

Sasa somo.

Gari hili hupeleka mayai kutoka Ruiru hadi soko la Madaraka pale Thika. Mwenyewe analalamika kwamba asubuhi hizi za Julai haliwaki mpaka alibembeleze. Likiwaka, feni ya rejeta inaanza kuzunguka saa ile ile, kabla hata maji hayajapata vuguvugu, na haiachi mpaka azime. Mafuta linakunywa. Na taa ya injini, ile ya manjano yenye umbo la kibuyu kilichoota mabomba, haizimiki hata aombe.

Nikaleta skana. Skana yangu hukaa ndani ya sanduku lenye kufuli mbili, na funguo mbili hizo hukaa mifuko tofauti, kwa usalama wa taifa. Nikaichomeka kwenye ile soketi ya matundu 16 chini ya usukani, ambayo Wamarekani waliilazimisha kwenye magari yao kuanzia yale ya mwaka 1996 na dunia ikafuata. Kioo kikaandika P0118. Nikafunga sanduku, nikafunga kufuli, nikatangaza: sensa ya joto la maji imekufa.

Hapo ndipo mwanagenzi wangu alipofungua kinywa. Ni yule msichana wa ovaroli ya buluu aliyeinama kwenye injini, aliyesomea chuo cha ufundi kule Thika. Msimtazame yeye, nitazameni mimi. Akasema, “Mkubwa, P0118 haisemi sensa imekufa. Inasema kompyuta inaona volti nyingi mno kwenye waya wa hiyo sensa. Inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa soketi, inaweza kuwa waya umekatika njiani.” Nikamwambia asiyejua maana haambiwi maana, nikamtuma dukani akalete sensa mpya.

Sensa mpya ikafungwa. Taa ikabaki inawaka. Nikatambua mara moja kwamba ile sensa ilikuwa na bahati mbaya, nikaagiza nyingine. Taa ikabaki. Wenye ndimi ndefu wataita jambo hili kubahatisha kwa pesa za mama. Mimi naliita kurudia jaribio, na kurudia jaribio ndiyo roho ya sayansi. Nikapiga simu Kirinyaga Road kuulizia bei ya kompyuta nzima ya gari. Mama aliposikia bei hiyo alikaa kitako juu ya kreti, ishara kwamba alianza kuelewa uzito wa taaluma hii.

Wakati huo skana ilikuwa ikisema pia kwamba maji ya injini yana joto la digrii -40. Mtu mdogo angeshtuka. Mimi nilitoka nje, nikanusa hewa. Baridi ya Ruiru ya Julai naijua, inaingia mifupani, lakini si ya kiasi hicho. Nikatafakari. Gari hili lilitoka Japani. Japani kuna Hokkaido. Hokkaido kuna theluji. Nikamweleza mama kwamba gari lake bado lina kumbukumbu ya kwao na linahitaji muda kuzoea mazingira. Akaniambia liko naye mwaka wa sita. Nikamjibu kwamba kumbukumbu za utotoni ndizo ngumu kufutika. Na angalieni jambo hili la kutia moyo: -40 ndiyo nukta pekee ambapo Selsiasi na Farenhaiti husoma namba moja. Kwa hiyo hata kama skana ingekuwa imewekwa vipimo vya Kimarekani, mimi nisingekosea.

Mwanagenzi akasema, bila kuinua kichwa, kwamba -40 ni namba ambayo kompyuta hii husema inapoona volti 5 kamili kwenye waya, yaani haijapima joto la kitu chochote, inakodolea macho waya uliokatika. Nilimshukuru kwa mchango wake.

Basi tukafikia multimita, na hapa nawaomba mzime simu.

Chombo hiki hakikuanguka kutoka mbinguni. Mjerumani Georg Simon Ohm, mwalimu wa shule mjini Cologne, alichapisha mwaka 1827 kitabu kilichoeleza jinsi volti, mkondo na ukinzani vinavyofungamana. Wenzake walimpokea kwa ubaridi hata akaacha kazi. Namwelewa mtu huyu kuliko ndugu zangu. Mimi nami niliacha kazi katika gereji yangu ya kwanza kwa sababu ya kutoeleweka, ingawa wao wanashikilia kwamba waliniacha wao kwanza. Baada ya Ohm akaja Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza, aliyechoka kubeba kipimo cha ampia, kipimo cha volti na kipimo cha omu kila alikokwenda. Akaviunganisha katika sanduku moja, likaingia sokoni mwaka 1923, likaitwa Avometer. Posta, mnasikia? Nami nimewahi kusimama posta ya Thika kwa saa nyingi nikisubiri barua ya kazi. Historia ina njia zake za kuwakutanisha watu.

Multimita yangu hii ni ya daraja la kimataifa. Tazameni ukubwa wake. Tazameni raba hii ya rangi ya machungwa inayoizunguka. Na tazameni pembeni mwa kioo: kuna kialama kidogo cha betri kinachomweka. Mita hii huwaonyesha alama hiyo watumiaji wake wa muda mrefu tu. Mwanagenzi anadai ni betri ya ndani, ile ya volti 9, iliyokwisha, na kwamba betri ikilegea mita ya namna hii hudanganya kwa kusoma juu ya kiwango. Yeye anatumia ile ya manjano ya plastiki aliyoinunua Luthuli Avenue. Bei yake haitoshi hata kilo moja ya nyama choma hapa Kamakis. Sitasema zaidi, si vizuri kudhihaki umaskini.

Somo la kwanza la multimita: itawale, isikutawale. Ina matundu matatu chini. Mwanagenzi alianza kunikumbusha kwamba tundu la ampia ni la kupitisha mkondo, kwamba waya mwekundu ukiachwa humo halafu mtu akagusa betri, ni sawasawa na kuunganisha chanya na hasi kwa kipande cha chuma. Nikamkata kauli. Penye wazee haliharibiki neno. Nikagusa betri.

Ule mwanga mliouona ulikuwa salamu. Betri yenye afya humsalimu mtaalamu. Harufu imeshapungua sasa, mnaweza kusogea. Ndani ya mita kuna fyuzi iliyowekwa kwa kazi hiyo, nayo imetimiza wajibu wake kwa heshima. Nikageuza kitufe kwenda upande wa volti, waya nikauacha pale pale kwa sababu nilikwisha kupazoea, nikapima betri upya. Sifuri. Nikapima taa. Sifuri. Nikapima kila mahali mkono wangu ulipofika bila kuchafua koti jeupe, nako kote sifuri. Nikautangazia umma kwamba gari hili halina umeme hata chembe. Ni kweli kwamba redio ya gari ilikuwa ikiimba Kikuyu kwa sauti ya juu, tena wimbo mzuri. Hilo nililiweka kando kama jambo la kitamaduni.

Hapa mnipe nafasi nizungumzie kizazi changu. Sisi tulilelewa na Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Ile haikuhitaji kompyuta kukuambia imechemka, iliandika kwa mvuke angani ukaona ukiwa Juja. Ulikuwa na bisibisi, kitambaa na kipaji. Leo sheria inakataza kuingiza nchini gari la mtumba lenye umri unaozidi miaka 8, kwa hiyo kila kinachoshuka Mombasa kina kompyuta, na kila kompyuta imezungukwa na sensa zinazoisemea hili na lile. Mimi sikukimbia mabadiliko hayo. Niliyakabili. Nilinunua koti jeupe.

Wakati nasimulia haya, naona macho yenu yamehamia kwa yule msichana. Haya, ngoja niwaeleze anachofanya ili msidhani kuna siri.

Kwanza ameomba chai. Si ya kunywa. Amechukua ile sensa ya zamani niliyoiondoa asubuhi, kitu cha shaba chenye ukubwa wa kidole gumba, ameishika kwa koleo, na ameweka mita yake ya manjano upande wa omu. Ikiwa baridi imesoma kama 2,400. Kisha ameizamisha ncha yake ndani ya birika la mama wa kibanda. Namba zikaanza kuporomoka, elfu mbili, elfu moja na mia tano, mia nane, mpaka zikatua kwenye mia tatu na kitu. Mafundi wote wakasema “aah” kwa pamoja, kitu ambacho hawajanifanyia mimi leo. Anasema sensa ya aina hii hupunguza ukinzani inapopata joto, kwamba kwa Toyota hii omu 2,400 hivi kwenye digrii 20 na mia tatu na kitu kwenye digrii 80 ni afya kamili, na kwamba ile iliyotangazwa marehemu saa tatu asubuhi ni nzima kama ilivyotoka Japani.

Mimi sipingani na birika. Nasema tu kwamba sensa hiyo ilizinduka baada ya kupumzishwa. Mapumziko aliipa nani? Mimi.

Sasa amerudi kwenye soketi ya sensa. Anainama kabisa, mashavu yake yako karibu na betri. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini wahenga hao hawakuwa na mgongo wangu. Anadai habari nzima ni nyaya mbili. Mbili! Mmoja huleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, wa pili ni athi inayorudi kwenye kompyuta hiyo hiyo. Sensa inakaa katikati yao. Maji yakiwa baridi sensa inakaza, volti kwenye ule waya wa kwanza zinabaki juu. Maji yakipata moto sensa inalegeza, volti zinateremka hadi chini ya moja. Kompyuta inasoma volti hizo, inajua joto, inaamua mafuta kiasi gani na feni izunguke lini. Isipoelewa kitu, magari mengi huwasha feni moja kwa moja ili injini isiungue.

Napinga vikali kurahisisha mambo namna hii mbele ya wateja. Jambo likieleweka na kila mtu, mtaalamu atakula nini?

Haya, amewasha swichi bila kuwasha injini. Soketi imechomolewa. Mita yake iko kwenye volti. Waya wake mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye tundu la kwanza la soketi: volti 5 kasoro nukta. Kwa hiyo kompyuta ile niliyoiulizia bei Kirinyaga Road inatuma kinachotakiwa. Mama, usisimame, endelea kukaa. Sasa ameuacha mwekundu hapo hapo, ule mweusi ameutoa kwenye betri na kuuingiza kwenye tundu la pili. Volti zimepotea. Anasema, “Volti zinakuja, athi haipo.” Amesema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Hana mbwembwe hata kidogo, ndiyo maana hatafika mbali.

Halafu amechukua kipande cha waya akaunganisha matundu mawili ya soketi. Kwenye simu yake ana kiprogramu kinachoonyesha kile kompyuta inachodhani, na kinazungumza na kidude kidogo alichokichomeka mahali pa skana yangu bila idhini. Anasema vitabu vya Toyota vinaeleza kwamba ukiunganisha matundu hayo, joto linapaswa kuruka hadi 140 au zaidi. Halikuruka. Limebaki -40. Basi akautoa ule waya kwenye tundu la athi, akaugusisha kwenye chuma cha injini.

140!

Ndugu zangu, mimi niliona namba hiyo kabla yenu wote, na nilifanya kile ambacho kiongozi hufanya. Nilipiga kelele kwamba gari limechemka na nikaamuru umma urudi nyuma. Jamaa wa mahindi amekimbia na jiko lake mpaka ng'ambo ya mtaro, nampongeza kwa nidhamu. Ndiyo, najua injini ilikuwa baridi kama jiwe na haijawashwa tangu saa nne. Tahadhari haihitaji sababu.

Na sasa anasema maneno ambayo, kwa haki, yanatokana na malezi yangu. Anasema athi hii haiendi kwenye sensa hii peke yake, inagawanywa na sensa nyingine kadhaa, na hizo nyingine hazilalamiki. Kwa hiyo mkato hauko kule kwenye kompyuta. Uko kwenye kile kipande cha mwisho, kati ya pale nyaya zinapogawanyika na soketi hii. Sentimita chache. Amefungua utepe mweusi. Ameushika waya kwa vidole viwili, huku na huku, akauvuta polepole, na ganda la waya likavutika kama chingamu, kwa sababu ndani yake hamna shaba ya kulizuia. Amelikata kwa wembe. Mmeona kile kijani? Shaba imegeuka ungaunga wa kijani, inamwagika. Katikati ya ule ukijani, kwenye ganda, kuna kitundu kidogo kama cha sindano.

Kitundu hicho ni changu.

Nayasema haya kwa fahari. Mwaka jana, kabla ya mvua za Machi, mama huyu aliniletea gari hili kwa tatizo lingine, nami nikalipima kwa njia yangu maarufu ya kuchoma ganda la waya kwa sindano ya kushonea, badala ya kupitisha ncha ya mita nyuma ya soketi kama watoto wa chuo wanavyofundishwa. Nilichoma hapo hapo. Si sentimita juu, si sentimita chini. Zaidi ya mwaka mzima kabla ya ugonjwa kutokea, mimi nilikwisha kuweka alama mahali utakapotokea! Mwanagenzi anasema maji ya mvua yaliingilia kwenye kitundu hicho na kuila shaba polepole. Sawa, ndivyo anavyoliona. Mimi nawauliza tu: kati yake na mimi, nani alifika hapo kwanza?

Namwona mama anasimama. Mama, subiri kidogo, kuna kipengele cha malipo.

Nimeandaa ankara. Kufungua sanduku la skana. Kulifunga. Sensa mbili mpya. Ushauri wa hali ya hewa ya Japani. Fyuzi ya mita, iliyopotea kazini. Ada ya hotuba. Kazi ya kuondoa waya uliooza, kuunga mwingine kwa lehemu, kuuvalisha mpira wa joto na kuufunga utepe sikuiweka, kwa kuwa ni kazi ya mikono na haihusiani na ofisi yangu. Ndiyo anayoimaliza mwanagenzi sasa hivi. Amerudisha sensa ya zamani mahali pake. Amewasha. Feni imetulia. Simu inasema 21, 22, 23, inapanda taratibu kama inavyopaswa. Taa ya injini ameifuta kwa kubonyeza simu yake, bila kufungua kufuli hata moja.

Mlio huo mliousikia ni M-Pesa. Umetoka kwenye mfuko wa ovaroli ya buluu. Mama, nadhani umekosea namba. Hujakosea? Umesema unamlipa aliyetengeneza. Haya. Sitaki mjadala mbele ya umma. Mwanagenzi yuko chini yangu, kwa hiyo malipo yake nayahesabu kuwa yamefika kwangu kwa njia ndefu.

Kuhusu zile sensa mbili, mama anasema hazilipi. Nazo dukani hawazirudishi, imeandikwa wazi kwenye risiti kwamba vifaa vya umeme vikishauzwa vimeuzwa. Kama kuna mwenye Probox katika hadhara hii, au Fielder, au Vitz, ajitokeze, nitampa zote mbili kwa bei ya ushindi. Hazijatumika. Ziligusana na injini kwa muda mfupi wa kitaaluma. Hakuna? Wewe wa mahindi, huna gari, lakini una ndoto.

Maswali tutayapokea siku nyingine, maana jioni imefika na mimi natakiwa Makongeni. Mama anaelekea Thika, na amekubali kunibeba, jambo linaloonyesha kwamba uhusiano wetu wa kikazi uko imara. Tatizo ni nafasi. Kiti cha mbele anakaa mwanagenzi, ili asikilize feni njiani. Nyuma kumejaa mayai, ila mama anasema nikikunja miguu kuna upenyo karibu na mlango, mradi trei moja niipakate mwenyewe. Nitaipakata. Lakini ijulikane kwa wote waliohudhuria kwamba naipakata kama mshauri.